Safu ya Fundi wa Kwanza

Mimi nina kichwa kigumu, na wanaonijua wanasema nimekirithi. Basi niseme mapema jambo ambalo mwingine angelificha: ile ripoti iliyotaka kummaliza baba yangu niliitengeneza mimi, kwa mikono yangu hii. Siku nilipoimaliza nilijimiminia kikombe cha chai, nikakaa nikiitazama kama bibi harusi anavyotazama picha zake. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Kampuni yetu inatunza lifti. Majengo themanini na kitu, mafundi tisa, karakana chini na ofisi juu yake, na kati ya karakana na ofisi kuna ngazi ya chuma, kwa sababu jengo letu wenyewe halina lifti. Kila mgeni akifika lazima alicheke hilo. Tulishachoka kucheka naye.

Baba ni mmoja wa hao mafundi tisa, na ndiye mkongwe wao, miaka thelathini na moja kazini. Wenzake wanamwita Mzee Shimo, maana shimo la lifti ndiko kwake; nyumbani anakuja kulala tu, ndivyo mama anavyosema. Mimi kazi yangu ni ripoti. Nachukua kadi za kazi za mafundi, nazigeuza kuwa majedwali, wakubwa wanasoma. Nilipoajiriwa wakanibatiza Binti Shimo. Nilinuna wiki mbili, kisha nikalizoea, na siku hizi mtu akiniita kwa jina langu la cheti nageuka kutazama anamwita nani.

Sasa nieleze kadi, maana mambo yote yametoka huko. Lifti ikigoma, fundi anatumwa na kadi. Akimaliza kazi anaifunga kadi kwa jina lake. Lifti hiyo ikigoma tena kabla ya siku thelathini kupita, tunahesabu rudio moja, na rudio linamwangukia yule aliyefunga kadi. Aliyefunga ndiye mwenyewe, hakuna cha mjomba wala shangazi.

Meneja wetu ni mama mmoja wa haki kabisa, ila ana haraka, na ana mapenzi na karatasi. Mwaka jana aliniita akasema, "Binti Shimo, nataka ukurasa mmoja tu. Nitaubandika ubaoni karakana, kila mtu ajione." Taarifa zetu zina safu ishirini na nane, yaani zile nguzo zinazosimama kwenye jedwali, kila moja na kichwa chake juu. Nilichagua sita: jengo, namba ya lifti, tarehe, fundi aliyefunga, marudio, na ya mwisho "fundi wa kwanza", yule aliyetumwa mwanzo kabla ya mwingine kuja kumalizia. Nikachapisha. Ile ya sita ikakatwa na ukingo wa karatasi. Nikapunguza maandishi, Meneja akaniambia yeye anasoma herufi, hasomi sisimizi. Basi nikaiondoa. Zikabaki tano, zikakaa vizuri sana.

Miezi kumi karatasi ile ilikaa ubaoni, kila mwezi mpya. Juu kabisa alikaa fundi mmoja wa makamo, mabega kama kabati, mdomo haulali, ambaye cheo cha Bingwa alijipa mwenyewe zamani na ubao ukaja kumthibitishia. Marudio mawili kwa mwaka mzima. Chini kabisa, mwezi baada ya mwezi, alikaa baba. Thelathini na moja. Watu wakaanza kutania kwamba kapata rudio moja kwa kila mwaka wa kazi. Mimi nilikuwa nacheka pia, kwa meno tu.

Kisha Meneja akatangaza. Ijumaa ya mwisho wa mwezi patakuwa na kikao cha wote, na yule wa chini ya orodha atatolewa kwenye lifti ahamishiwe stoo, akawe anagawa bolti na vilainishi mpaka atakapostaafu. Hakutaja jina. Hata kipofu angelisoma.

Wengine watasema stoo si mwisho wa dunia, kuna kiti na kivuli. Hao hawamjui baba yangu. Huyu ni mtu ambaye akipanda lifti ya watu wengine, hata hospitalini akiwa mgonjwa, anaweka kiganja ukutani na kufumba macho, anaisikiliza. Ukimkalisha nyuma ya dirisha la stoo amebakiza miaka miwili, utakuwa umemzika na ovaroli yake. Nilijua hivyo, na yeye alijua, na nyumbani hakuna aliyelisema.

Ndipo nikafungua taarifa zenyewe, zile mbichi, safu zote ishirini na nane. Nilitafuta kadi za baba thelathini na moja, nikasogeza kulia mpaka kwenye ile safu niliyoikata. Kwenye kadi ishirini na sita kati ya hizo, fundi wa kwanza hakuwa baba. Zilikuwa zimeanzia mikononi mwa wengine. Tisa zilianzia kwa Bingwa.

Haikuwa taabu kuelewa. Fundi akikwama siku mbili, siku tatu, anampigia Mzee Shimo. Mzee Shimo anakwenda, anaingia shimoni, anaiamsha lifti, kisha anaifunga kadi kwa jina lake mwenyewe ili mwenzake asionekane ameshindwa. Lakini lifti iliyokwisha kuvurugwa na mikono miwili mitatu haiponi kwa siku moja. Inagoma tena, na rudio linakuja kwa aliyefunga. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo yenyewe nilikuwa nimeishona mimi na kuikata mimi.

Jumapili alasiri nilimkuta baba uani anang'arisha viatu vya kazi. Mama alikuwa kizingitini anachambua mboga. Nikamwaga yote bila hata kuketi.

Baba hakusimamisha brashi. "Wewe ulifikiri sijui?"

"Sasa kama unajua, mbona umenyamaza?"

"Nilipoanza kazi," alisema, "kuna mzee mmoja alinifungia kadi kumi na mbili. Kumi na mbili, mwanangu. Hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini. Kwa kadi zile ndiyo umesoma wewe. Leo nisimame mbele ya watu nitaje za wenzangu ili mimi ning'ae?"

"Watakupeleka stoo."

"Basi nitajifunza majina ya bolti."

"Huyo kichwa chake ukikigonga unaumia wewe," mama akaniambia kutoka kizingitini. "Nimejaribu miaka thelathini."

Nilipandisha hasira. Nilimwambia kwamba kesho asubuhi ile safu inarudi kwenye ripoti, Meneja apende asipende. Hapo baba akaweka kiatu chini. Hakupaza sauti, huwa hapazi. Aliniambia nikiigusa ripoti ile kwa ajili yake atavua ovaroli siku hiyohiyo, kwa sababu watu watasema Mzee Shimo kasafishwa na bintiye, na hapo hata yale machache aliyofanya vizuri yatanuka. Niliona kwamba hilo la mwisho lilikuwa kweli.

"Ahidi hutaiweka hiyo safu."

"Naahidi sitaiweka."

Nililala na hasira nikaamka nayo. Na kazini nikakuta foleni mlangoni kwangu, kama kila Jumatatu. Dada wa mapokezi anataka ripoti ileile lakini iwe na namba ya simu ya mlinzi wa jengo. Bwana Stoo anaitaka na vipuri vilivyotumika, ila tarehe imtoke machoni. Msaidizi wa Meneja anaitaka na idadi ya ghorofa. Kwa kila mmoja nilikuwa nimeshatengeneza nakala yake, na nakala zilikuwa zimefika kumi na tisa. Badiliko dogo likitokea, nilibadilisha mara kumi na tisa. Siku ile nilimwuliza Bwana Stoo kama anadhani mimi ni fundi cherehani wa kumpimia kila mtu kiuno.

Akajibu taratibu, "Basi nipe mkasi na kitambaa, nikate mwenyewe."

Alisema utani tu. Mimi nilibaki nimemkodolea macho mpaka akaondoka bila kuaga.

Kwa nini wasikate wenyewe? Jedwali la kawaida safu zake zimepigiliwa misumari: fundi ripoti kaamua, wewe soma au acha. Nikaamua kuing'oa misumari. Pembeni mwa jedwali ningeweka orodha ya vichwa vya safu vyote, kila kimoja na kisanduku kidogo. Ukitia tiki, safu inaingia kwenye jedwali. Ukiitoa, inatoka, na mistari inajikusanya yenyewe na kujihesabu upya. Ukitaka kuipeleka kushoto unaivuta. Na ukirudi kesho unalikuta jedwali lako kama ulivyoliacha, si la jirani yako.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza kuhusu ahadi. Nitajibu ilivyo. Nilifanya kazi ile kwa sababu nilichoshwa na nakala kumi na tisa, na nilifanya kazi ile kwa sababu ya baba, na sijui ipi ilikuwa kubwa. Vichwa vyote vilikuwa ishirini na nane. Nilivipanga kwa alfabeti, sikukipamba hata kimoja, na sikutia tiki popote isipokuwa kwenye zilezile tano za Meneja. Nilijiwekea na sharti: sitamwonyesha mtu, sitamgusa mtu bega, sitakohoa. Kama kuna mtu ataifungua safu ile, awe ameifungua mwenyewe.

Siku za kwanza mambo yalikuwa matamu. Kisha nikatia tiki kwenye safu ya vipuri, na marudio ya baba yakaruka kutoka thelathini na moja hadi mia moja na tisini. Nusura nitupe kompyuta dirishani. Kadi moja inaweza kuwa na vipuri saba, na jedwali langu, kila lilipoona kipuri, lilikuwa linaihesabu kadi upya. Kwa hiyo mtu angeweza kuchagua safu zake kwa nia njema kabisa na kuondoka na uongo mkubwa kuliko wa ubaoni. Hilo lilinila siku kumi. Nilikula mezani, nilijibu watu vibaya, dada wa mapokezi akaacha kunisalimu. Siku ya kumi na moja nikapata: kila kadi ihesabiwe kwa namba yake, mara moja tu, hata ukiizungushia safu ngapi. Nikatia tiki hapa, nikatoa pale, nikavuta, nikageuza. Thelathini na moja ikabaki thelathini na moja. Nilisimama katikati ya ofisi peke yangu nikapiga makofi, na nilistahili.

Meneja nilimwonyesha kwa data za mfano. Alitikisa kichwa. "Ukiwapa watu uhuru huu watavuruga."

"Watavuruga kurasa zao tu, bosi. Taarifa zenyewe hazigusiki."

"Na karatasi yangu?"

"Karatasi yako ipo, kwa wanaoitaka."

Akafikiri, akacheka kidogo, akasema tutaijaribu kwenye kikao cha Ijumaa, kila mtu aje mbele akate lake. Kisha, akasema, tutamaliza lile jambo la stoo.

Ijumaa asubuhi tulikaa karakana, mafundi kwenye mabenchi, sisi wa ofisini kwenye viti, na skrini kubwa ikatundikwa jirani na ule ubao. Baba alikaa benchi la nyuma, ovaroli imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ilikuwa inakata. Mama ndiye aliyeipiga. Nilipoiona nikajua na yeye alikuwa anasubiri siku hii.

Dada wa mapokezi akaenda wa kwanza. Akatoa safu tatu, akatia namba za simu, jedwali likamtii. Akageuka akanitazama, akanisalimu, salamu ya kwanza baada ya siku kumi. Bwana Stoo akaja, akaifuta tarehe kwa furaha ya mtu anayelipiza kisasi, akaweka vipuri, akagundua palepale kwamba magurudumu ya milango ndiyo yanayoisha kuliko kitu kingine chochote. "Miaka yote hii naambiwa ni nyaya," akasema. Meneja alikuwa ameshainuka kitini. Mimi nilijaribu kuonekana mnyenyekevu na nadhani nilishindwa.

"Mzee Shimo," Meneja akaita. "Njoo na wewe."

Baba akaja. Alishika kipanya kama anavyoshika bisibisi, kwa ncha za vidole. Akashuka na orodha polepole, akisoma kila kichwa. Alipofika kwenye herufi F, mshale ukasimama. Fundi aliyefunga. Fundi wa kwanza. Akageuka akanitazama, mara moja, na jicho lile nalijua tangu nikiwa na miaka mitano. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mshale ukapita. Akatia tiki kwenye mwaka lifti iliposimikwa, akatia kwenye aina ya hitilafu. Kisha akazitoa tarehe na marudio, akarudi kwenye F akaitoa safu ya fundi aliyefunga. Majina yote yakafutika skrini nzima, mistari ikajikusanya, ikabaki orodha fupi: lifti, umri wake, na kinachoisumbua. Za zaidi ya miaka ishirini zilijaa milango.

"Lifti haijui nani kaitengeneza," baba alisema. "Mimi nataka kujua ina umri gani na inaumwa nini. Zile za zamani zibadilishwe milango yote kwa mara moja, tutaacha kukimbizana nazo." Akaenda kukaa.

Mafundi wengine walikuwa wanatazama sakafu, na watano kati yao walikuwa na sababu. Mimi niliogopa nitalia mbele ya Bwana Stoo. Baba alikuwa na mlango wa kutokea mbele yake, umebaki kidole kimoja tu kubofya, na alipita akaenda kuzungumzia milango ya lifti.

Meneja akaandika jambo la milango. Kisha akashusha pumzi, akauendea ubao wake. Niliona haikuwa rahisi kwake. "Jamani, tulikubaliana. Mzee, kazi yako ya miaka yote tunaiheshimu, ila hesabu ni hesabu. Kuanzia Jumatatu…"

"Bosi, mimi sijakata langu."

Alikuwa Bingwa. Meneja akamwambia asubiri. Bingwa hakusubiri. Alikuja mbele na mabega yake yale, akashika kipanya, akashuka na orodha moja kwa moja mpaka kwenye F. Akatia tiki. Ile safu niliyoikata kwa ajili ya karatasi ikafunguka mbele ya watu wote. Akaivuta akaiweka bega kwa bega na safu ya aliyefunga. Kisha akachuja zibaki kadi za baba tu, akasogea pembeni ili skrini ionekane.

"Someni," akasema.

Tukasoma. Kulia Mzee Shimo, Mzee Shimo, Mzee Shimo, mpaka chini. Kushoto majina ya wengine.

Bingwa hana sauti ya chini, lakini siku hiyo aliipata. "Tisa ni zangu. Mbili za hosteli zilinishinda siku tatu. Ile ya hospitali ya macho niliunga waya kinyume, mzee akaja akauondoa, akafunga kadi kwa jina lake, akaniambia nikanywe chai. Miezi kumi nakaa juu ya ubao huu kwa mgongo wake, na kila asubuhi nampita hapa nikimwambia shikamoo." Akaunyoshea ubao kidole. "Nilijua ukurasa wa ubaoni hauonyeshi. Nikajiambia si mimi niliyeuandika. Leo orodha iko hapa, kisanduku kiko wazi, na mzee amekiona akakiruka. Mimi nikikiruka pia, nitakuwa mtu gani?"

Fundi mwingine akainuka benchini. "Sita zangu." Mwingine, "Nne." "Nne na mimi." "Tatu." Ikawa ishirini na sita.

"Na tano zilizobaki?" Meneja akauliza.

"Hizo zangu," baba akajibu kutoka nyuma. "Hizo tano msiniibie."

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Meneja hakucheka. Alikuwa bado anaitazama skrini, kisha akanigeukia. "Safu hii ilikuwepo siku zote?"

"Ilikuwepo."

"Nani aliiondoa?"

"Mimi, bosi. Karatasi haikutosha."

"Na aliyetaka karatasi?"

Sikujibu. Kuna maswali bosi anajiuliza mwenyewe, wewe unapaswa tu kusimama karibu. Aliubandua ukurasa wa ubaoni, akaukunja mara mbili, mara nne, akautia mfukoni. Akaenda mpaka benchi la nyuma, akampa baba mkono mbele ya wote, akamwomba radhi kwa maneno yanayosikika. Akasema hakuna anayehamia stoo, na kuanzia sasa kadi itafungwa kwa majina mawili, la aliyeanza na la aliyemalizia.

"Afadhali," Bwana Stoo akanong'ona. "Angekuja angenipangia bolti zangu upya zote."

Nilipanda ngazi ya chuma kurudi ofisini nikasikia viatu nyuma yangu. Vilikuwa vinang'aa.

"Uliniahidi," baba akasema.

Niligeuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki tatu. "Sikuiweka, baba. Niliziweka zote."

Akanitazama. Tulikaa hivyo, yeye ngazi ya chini, mimi ya juu, kwa mara ya kwanza maishani mimi ni mrefu kuliko yeye. Nikadhani sasa atavua ovaroli.

"Ile Bwana Stoo alipoweka vipuri," akaanza, "hesabu ya marudio haikupanda. Kadi zangu nyingine zina vipuri sita, saba. Ulifanyaje?"

Nikamweleza palepale ngazini. Jinsi ilivyoruka mpaka mia moja na tisini, jinsi nilivyotafuta siku kumi, jinsi namba ya kadi inavyoshikwa mara moja tu hata ikipita mara saba. Alisikiliza kiganja kikiwa kwenye reli ya chuma na macho ameyafumba. Mwisho akauliza swali moja, na lilikuwa swali zuri, swali ambalo hata mwalimu wangu wa chuo hakuwahi kuniuliza. Nikamjibu. Akatikisa kichwa.

"Umeifunga kadi vizuri," akasema, akashuka kurudi karakana.

Miaka thelathini na moja watu wamemsikia akimwambia hivyo fundi, na wanaohesabu wanasema hazizidi mara tano. Niliingia ofisini nikafunga mlango, nikalia, kisha nikanawa uso, kisha nikaenda kumsimulia dada wa mapokezi tangu mwanzo, na sikupunguza kitu.

Jumatatu nilifungua mfumo kuona nani kahifadhi jedwali gani. Mimi peke yangu ninaziona kurasa zote. Mafundi wanane kati ya tisa, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wameingia wakatia tiki kwenye kisanduku kilekile, na kila mmoja alikuwa ameivuta safu ya fundi wa kwanza akaiweka mwanzo kabisa, kushoto, mahali jicho linapoanzia. Ya Bingwa ilihifadhiwa kabla ya saa moja asubuhi.

Ukurasa wa tisa una lifti, umri wake na ugonjwa wake, na hauna jina la mtu hata mmoja. Kila asubuhi baba anaufungua, anausoma, anachukua begi lake la vyombo anaondoka. Ile safu humo haimo, na mimi niliahidi, kwa hiyo sijaiweka.